Kila Mtu na Lake Moyoni

Bwana Mhariri,

Nakuomba nafasi katika kurasa zetu ili niseme neno na ndugu zangu makarani, mabwana na mabibi. Neno langu si la mishahara wala la vyeo. Hayo wenzangu huyaandika vizuri kuliko mimi. Nataka kusema juu ya tabia ndogo ndogo ambazo kila mmoja wetu anazo, na ambazo wenziwe humcheka kwa ajili yake. Jambo hili laonekana dogo, walakini nimeona likimvunja moyo mtu mwema, nami nilikuwa miongoni mwa waliomvunja. Kwa hiyo naona si haki ninyamaze.

Ingia katika afisi yo yote, ukae siku tatu tu, utayaona ninayoyasema. Yuko bwana asiyetia saini ila kwa kalamu yake mwenyewe, na mtu akimwazima hukaa roho juu mpaka irudi mfukoni. Yuko bibi asiyekunywa chai ila katika kikombe chenye ufa alichokuja nacho siku ya kwanza ya kazi. Yuko afugaye njiwa, na mchana ikinguruma mvua hutazama dirishani mara kumi, maana amekumbuka kwamba tundu halikufunikwa. Yuko mpenzi wa Yanga au wa Simba, vilabu vilivyoanza katika miaka ya 1935 na 1936 na ambavyo hata leo vyagawanya nyumba moja pande mbili. Chama chake kikishindwa siku ya Jumamosi, Jumatatu haamkiani na mtu mpaka saa nne. Na yuko ambaye hafungi jalada ila amelinyosha pembe zote nne kwa kiganja, kama mama anyoshaye shuka ya mtoto.

Haya yote ni ya kuchekesha, wala sisemi tusicheke kamwe. Afisi isiyokuwa na kicheko ni kaburi lenye meza. Lakini nimeishi katika kazi hii muda wa kutosha kutambua kwamba tabia hizi ni za namna mbili. Namna moja yatoka katika mapenzi: mtu amependa kitu, na moyo wake hukirudia kila upatapo nafasi. Namna ya pili yatoka katika hofu: mtu aliumizwa mahali, na tangu hapo hukagua palipomuumiza. Kwa nje namna mbili hizi hufanana sana. Wote wawili hurudia jambo lile lile, wote wawili huchukia kukatizwa, wote wawili huona haya wakiulizwa sababu. Sisi tulio nje twaona kioja tu, tukakipa jina la utani, tukaendelea na kazi. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Nitatoa mfano wa kila namna, na yote mawili niliyaona kwa macho yangu. Afisi zenyewe sizitaji, wala wahusika.

Nilipokuwa karani kijana tulikuwa na mtunza fedha mmoja, mtu mzima, mpole, asiyechelewa hata siku moja. Kila jioni alifunga kasha la fedha, akavuta mkono wa kasha, akatoka. Akifika ngazini hurudi, akauvuta tena. Akifika chini ya mwembe ulio njia panda, umbali wa hatua mia tatu hivi, husimama, akafikiri, akarudi mara ya tatu. Mvua ilinyesha, jua liliwaka, yeye alirudi. Tulimwita Bwana Rudi. Jina likatoka afisini, likafika sokoni, na hatimaye watoto wa mtaani walikuwa wakimwimbia njiani. Naye alicheka pamoja nao, nasi tukadhani limempendeza.

Ikawa usiku mmoja tunasafiri pamoja kwenda mazikoni, gari limeharibika porini, hatuna la kufanya ila kuzungumza. Ndipo aliponihadithia. Katika kituo chake cha kwanza fedha za kasha zilikuwa zimepungua. Hakuiba, wala hapana aliyesema kwamba ameiba. Lakini ufunguo ulikuwa mkononi mwake, na sheria humtazama mwenye ufunguo. Akalipishwa kwa kukatwa mshahara mwezi baada ya mwezi kwa muda wa miaka miwili. Katika miaka ile mtoto wake wa kwanza alirudishwa nyumbani kwa kukosa karo, na hakurudi tena shuleni. Akaniambia: "Mdogo wangu, nikiuvuta mkono wa kasha najua ya kuwa limefungwa. Nikifika pale mwembeni namwona yule mtoto, basi sijui tena." Tangu usiku ule sikumwita jina lile. Lakini alikuwa amekwisha kuitwa kwa miaka sita, na si mmoja wetu aliyewahi kumwuliza, Bwana, una nini?

Mfano wa pili ni mzito zaidi kwangu, maana hapo kosa lilikuwa langu.

Katika afisi nyingine, mji wa pwani, palikuwa na karani wa masjala, mtu mkimya. Nje ya dirisha lake palikuwa na mti mkubwa. Kila asubuhi alifika nusu saa kabla yetu, akafungua daftari la shule, akaandika tarehe, hali ya mvua, na ndege aliowaona mtini. Aliwajua kwa majina ya Kiswahili, na asiyekuwa na jina la Kiswahili alimwandika kwa jina la lugha ya mama yake. Aliandika mnana walipoanza kusuka viota, aliandika tetere wangapi, aliandika hondohondo alipopita. Saa ya kazi ikigonga alilifunga daftari, akalitia mtotoni mwa meza, na hakulifungua tena mpaka kesho. Hakuiba dakika moja ya serikali wala karatasi moja. Madaftari aliyanunua mwenyewe. Tulimwita Bwana Chiriku, kwa kejeli, maana chiriku ni ndege mpayukaji na yeye hakuwa msemaji.

Ikafika siku ya karamu ya kumwaga mkubwa wetu mmoja. Nikaombwa nitoe mchezo wa kuchekesha. Mimi kwa ujana wangu nikaandika taarifa ya uongo kwa mfano wa madaftari yake, yenye kumbukumbu namba na nakala kwa idara zote, isemayo kwamba kunguru fulani ameomba likizo na mnana fulani amepandishwa cheo. Nikaisoma mbele ya watu wote. Walicheka hata machozi yakawatoka. Naye alicheka. Jumatatu alifika kazini wakati mmoja na sisi. Daftari halikuonekana tena. Baadaye mke wake alimwambia mke wangu kwamba usiku ule ule wa karamu aliyatia madaftari yote motoni, kumi na moja, kazi ya miaka tisa.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Wenyeji wa pwani wanawajua kunguru wa aina mbili. Yuko yule wetu wa asili, mwenye kifua na shingo nyeupe. Na yuko yule mdogo wake, mwenye shingo ya kijivu, ambaye asili yake ni Bara Hindi na ambaye aliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili ale takataka za mji. Kutoka Unguja ameenea pwani. Hula mayai na makinda ya ndege wadogo, huiba chakula, huchafua majumba. Dar es Salaam watu wamejaribu kumpunguza kwa mitego na kwa sumu, na bado yupo. Miaka mingi baada ya karamu yetu walikuja wataalamu wawili katika mji ule, wakauliza wazee: kunguru huyu alifika hapa lini, na ni ndege gani waliopungua baada yake? Wazee walibishana. Mmoja alisema zamani, mwingine alisema juzi. Hapana aliyejua. Mtu mmoja tu katika mji ule alikuwa ameandika siku kwa siku, na maandishi yake yalikuwa majivu, kwa sababu karani kijana alitaka kusifiwa kwa kuchekesha.

Nilimwendea alipokwisha kustaafu, nikamwomba radhi. Alinikaribisha vizuri, akaniamuru nikae. Akasema: "Hukunikosea sana. Nilipoona watu wazima wote wanacheka, nilidhani pengine ndio wenye haki." Nikamwuliza kama huandika tena. Akasema macho yamepungua. Mbele ya nyumba yake palikuwa na mti, nao umejaa ndege, na kiti chake alikuwa amekielekeza ukutani.

Ndugu zangu, tusidhani kwamba mambo haya ni ya watu wadogo wasiokuwa na kazi. Shaaban Robert, ambaye jina lake halihitaji kuelezwa kwa msomaji wa Kiswahili, aliingia kazi ya forodha katika mwaka wa 1926, akaendelea katika utumishi wa serikali, idara baada ya idara, kwa zaidi ya miaka thelathini. Kitabu chake cha Kusadikika kilitoka katika mwaka wa 1951, hali mwenyewe angali kazini. Maana yake ni nini? Ni kwamba mtu aliyekuwa akihesabu mizigo na kuandika barua za serikali, kama wewe na mimi, alikuwa na kipenzi chake cha pili kilichomngoja nyumbani. Nashukuru ya kuwa hakuna karamu iliyomfanya ayachome aliyoyaandika.

Na ng'ambo vile vile. Palikuwa na Mwingereza aitwaye Anthony Trollope, mtumishi wa posta kutoka mwaka wa 1834 mpaka 1867. Yeye ndiye aliyeshauri masanduku ya barua ya njiani yawekwe katika visiwa vya Channel, katika mwaka wa 1852. Bwana huyu alikuwa na tabia ambayo afisi yo yote ingeicheka. Alimlipa mtumishi wake pauni 5 zaidi kila mwaka ili amwamshe alfajiri. Saa kumi na moja na nusu alikuwa mezani, saa yake ya mfukoni iko mbele yake, naye alijilazimisha kuandika maneno 250 kwa kila robo saa. Kisha akaenda zake kazini. Kwa njia hiyo aliandika hadithi ndefu 47. Alipokufa, na habari za maisha yake alizoziandika mwenyewe zikachapwa katika mwaka wa 1883, wako waliomdharau, wakisema mtunzi gani huyu apimaye maneno kama mtu apimaye mchele. Wenye dharau wamesahauliwa. Vitabu vyake vyasomwa hata leo.

Najua wako watakaonijibu, nao ni watu wa busara. Watasema: kazi ya umma si mchezo, tukimwachia kila mtu kipenzi chake, nani atakayejibu barua za raia? Hoja hii ni ya haki, nami naikubali mpaka wake. Shauku ya mtu yapasa ipimwe kwa mizani tatu. Kwanza, je, yala saa za kazi au vitu vya serikali? Raia aliyesimama dirishani tangu asubuhi hakuja kungoja karani amalize habari za mpira katika simu yake. Pili, je, yala chakula cha watoto? Siku hizi wako vijana wetu wanaobashiri matokeo ya mpira kwa simu, na mshahara hufika nyumbani umebaki nusu. Hicho si kipenzi tena, ni maradhi. Tatu, je, yamdhuru jirani? Shauku ipitayo katika mizani hizi tatu bila lawama ni mali ya mwenyewe, na mali ya mtu haichezewi. Nayo isiyopita, dawa yake si kicheko bali nasaha ya faragha. Mtu akiangamia kwa kamari, kumwita jina la utani hakumwokoi. Humwongezea sababu ya kujificha.

Tena natazama mbele. Watumishi wengi wa umma katika Tanzania hustaafu kwa lazima wafikapo umri wa miaka 60, na mwenye kutaka huweza kustaafu kwa hiari tangu miaka 55. Siku ile muhuri hubaki afisini, kiti hupewa mwingine, na anayekuita Bwana Karani hupungua kila mwezi. Nimewaona wenzetu wawili wakiondoka siku moja. Mmoja alikuwa na michungwa yake, aliyoipandikiza kwa mkono kila mwisho wa juma kwa miaka ishirini, nasi tulimcheka kwa harufu ya mbolea katika mfuko wake. Wa pili hakuwa na kitu cho chote alichokipenda nje ya majalada, nasi tulimsifu kuwa mfanyakazi hodari. Wa kwanza angali anatupelekea machungwa. Wa pili kwa mwaka mzima alikuwa akivaa shati safi kila asubuhi na kuja kukaa barazani pa afisi, mpaka mlinzi akaona haya kwa niaba yake. Kiinua mgongo huinua mgongo. Moyo wahitaji kitu kingine.

Na wale wenye hofu nao wasisahauliwe, maana hofu haionekani kwa urahisi kama mchungwa. Tulikuwa na bibi mpiga chapa ambaye saa tisa na nusu ikigonga alikuwa amekwisha kutoka, hata kama barua imebaki mstari mmoja. Tulisema ana kiburi. Kumbe alikuwa na mama mgonjwa kitandani, na jirani aliyemtazama mchana alikubali mpaka saa kumi tu, wala si dakika moja zaidi. Tungalijua, tungaliumaliza mstari ule sisi wenyewe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Watumishi wa kwanza waliounda chama chao Tanga katika mwaka wa 1922, pamoja na Martin Kayamba, walikuwa watu wa makabila na dini mbalimbali waliopelekwa mbali na kwao kwa ajili ya kazi. Karani aliyehamishwa hana mjomba katika mji alioingia; mwenye kumjulia hali ni karani mwenziwe. Ikiwa chama chajua namba ya kila mwanachama na tarehe ya michango yake, lakini hakijui anachokipenda wala kinachomnyima usingizi, basi kimekuwa masjala tu.

Kwa hiyo naleta mashauri matatu, nanyi myapime.

La kwanza: tuache desturi ya kumpa mgeni wa afisi jina la utani kabla hajatimiza mwaka. Katika mwaka mmoja tutakuwa tumejua kama tabia yake yatoka katika mapenzi au katika hofu. Ikiwa ni mapenzi, jina litakuwa la heshima. Ikiwa ni hofu, sidhani kwamba tutapata ulimi wa kulitamka.

La pili: kila tawi liweke jioni moja katika mwezi, ambapo mwanachama mmoja ataleta kipenzi chake na kutueleza, awe ni mfuga njiwa, mpandikiza michungwa, mtunga mashairi, au mwenye kukusanya stampu za barua. Robo saa yatosha, na chai iwepo. Tuulize maswali ya mtu atakaye kujua, si ya mtu atakaye kuchekesha. Na mwenye maandishi, chama kimwombe nakala na kuihifadhi, ili siku wataalamu watakapokuja kuuliza tusiwape majivu.

La tatu: katika kila afisi wazee wawili, bwana mmoja na bibi mmoja, wajulikane kuwa ndio wa kuendewa na mwenye mzigo. Wasiwe na kitabu wala fomu. Wawe na masikio, na kinywa kifungwacho. Madeni, ugonjwa, mtoto aliyepotea njia, hofu ya kasha: mambo haya hayaandikwi katika barua ya kuombea likizo, lakini ndiyo yamfanyayo mtu akosee hesabu.

Mimi mwenyewe sasa nina tabia yangu, nanyi mna ruhusa kuicheka. Kila asubuhi kabla ya kazi hufungua daftari la shule, nikaandika tarehe, mvua, na ndege niwaonao. Siwajui wengi, na mara nyingi hukosea. Nilianza jioni ile niliporudi kutoka kwa yule mzee, na kila mwisho wa mwezi humpelekea nakala. Hajapata kunijibu kwa barua. Lakini mwezi uliopita mjukuu wake aliniletea ile nakala, na kwa kalamu ya risasi mtu alikuwa amefuta jina la ndege mmoja niliyemkosea, na pembeni ameandika jina lililo sawa.

Wasalaam.

Ni mimi ndugu yenu,
Karani Mzee